Likizo Ifuate Kalenda ya Mwembe

Kila mwaka inapokaribia Krismasi, vituo vya mabasi vya Dar es Salaam hujaa watu wanaorudi makwao. Wanabeba sukari, mafuta ya kupikia, vitenge vya mama na shati la baba. Wakifika huchinjiwa kuku, hukaa kivulini na kula maembe mpaka vidole vinanata, na baada ya Mwaka Mpya hurudi mjini. Wazee hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Sina ugomvi na safari hizo.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya safari ya namna nyingine. Ni safari ya mtu wa mjini anayeacha kazi yake kwa wiki tatu au nne, akaenda kwao kuyachuma maembe hayo badala ya kuyala tu. Nimeifanya safari hiyo mwaka hadi mwaka, na kila mara wenzangu kazini huniuliza swali lile lile: mwembe unazaa wenyewe, wewe unakwenda kuusaidia nini?

Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake linahitaji maelezo.

Kwetu ni Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega ule wa Rukwa. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, nia yao ikiwa ni kutoa madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko. Mgodi ule ulifungwa, reli ikabaki, na hadi leo watu na mazao husafiri juu ya njia iliyojengwa kwa ajili ya risasi. Siku hizi barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ni ya lami, na hilo limebadili mambo mengi. Hata hivyo mbali ni mbali. Embe lililoiva Mpanda leo halitakuwa Kariakoo kesho asubuhi.

Shamba letu liko kusini ya mji, upande wa Sitalike, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Lina miembe ipatayo 40 yenye kuzaa, michungwa michache na migomba ya nyumbani. Miembe mingi ni ile ya zamani, mirefu, iliyopandwa kwa kokwa. Katika nchi yetu mwembe ulienea bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na ndiyo maana hata leo Tabora na Ujiji husifika kwa miembe yake. Tangu siku hizo watu wamezoea kuuona kama mti wa bure. Hupaliliwi kama mahindi, haunyweshwi maji kama mchicha, wala haudai mbolea ya kila msimu kama tumbaku. Unasimama tu, na mwaka ukifika unazaa.

Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mwembe haudai kitu kwa miezi kumi, kisha kwa majuma machache unadai kila kitu kwa mpigo.

Tazama kalenda. Kwetu mwembe hutoa maua katika miezi ya kipupwe, yaani kuanzia Juni na Julai. Maembe hukomaa baada ya miezi mitatu hadi mitano. Yanaanza kuonekana Oktoba, na Novemba na Desemba yanafurika. Sasa jiulize: mvua za Katavi huanza lini? Huanza Novemba. Yaani wiki zile zile ambazo maembe yanataka kuchumwa ndizo wiki za kulima na kupanda mahindi, na wenye majaruba ya mpunga nao huanza kuyashughulikia. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayafidii siku zilizopotea. Basi mkulima mwenye mikono michache analazimika kuchagua, na anachagua mahindi. Anafanya vyema, kwa sababu embe halisagwi likawa unga.

Kwa kipimo cha shamba letu, mwembe mmoja mkubwa, watu wawili wakiuchuma kwa uangalifu, huwachukua nusu ya siku. Miembe 40 ni siku 20. Lakini maembe ya mti mmoja hayakomai siku moja, kwa hiyo hapana budi kuurudia mara mbili au tatu. Hizo ni siku 40 hadi 60 za watu wawili, ndani ya msimu ambao wingi wake ni kama wiki sita. Nyumbani kwetu waliobaki ni baba, mama na dada yangu mmoja. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuona kwamba hesabu hiyo haiingiliani na shamba la mahindi.

Mikono isipotosha, mambo mawili hutokea. La kwanza ni kwamba maembe yanaanguka na kuozea chini. La pili halionekani kwa macho na ndilo baya zaidi: familia huuza maembe yakiwa bado maua. Mnunuzi hupita mwezi wa saba au wa nane, huangalia miti, hutaja bei ya shamba zima, hulipa fedha taslimu na kwenda zake. Tangu hapo matunda ni yake. Kwa mzee mwenye karo ya mjukuu mkononi na asiye na wa kumsaidia kuchuma, biashara hiyo ina maana. Lakini bei ya maua ni bei ya mtu mwenye shida. Mnunuzi amekwisha kupiga hesabu ya upepo, ya wadudu na ya faida yake, na zote tatu amezikata katika fedha za mwenye shamba. Isitoshe, vijana wake wanapokuja kuchuma hawana sababu ya kuuhurumia mti ambao mwakani huenda hawatauona. Wanatikisa matawi, wanavunja, wanajaza gunia mpaka linapandishwa kichwa, ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeipiga marufuku na ambayo bado tunaiona barabarani.

Baada ya misimu miwili ya kuuza maua, mzee huanza kusema maneno mengine. Husema miti hii imezeeka, haina faida, afadhali ikatwe mkaa na mahali pake palimwe tumbaku. Maneno hayo niliyasikia kwetu kwa masikio yangu. Mwembe wenye umri wa miaka 50 hukatwa kwa siku moja.

Sasa, mtu wa mjini akifika Novemba anafanya kazi gani?

Kwanza ni kuchuma kwenyewe. Embe la kupeleka mbali huchumwa likiwa limekomaa lakini halijaiva. Dalili yake ni mabega: embe changa lina mabega yaliyolala, lililokomaa mabega yake hujaa na kuinuka kupita mahali kikonyo kiliposhikia. Halitikiswi likaanguka. Hutolewa kwa mti mrefu wenye mfuko wa wavu mwishoni, na hukatwa na kikonyo chake kifupi. Ukikikata kikonyo hadi chini kabisa, utomvu huruka na kulichoma ganda, na baada ya siku mbili pale ulipogusa panakuwa doa jeusi. Ndiyo maana wachumaji wenye ujuzi huyalaza maembe kichwa chini, kivulini, mpaka utomvu uishe kutiririka, kisha huyapanga katika kreti au tenga lililotandikwa majani. Embe lililogongwa huiva haraka kuliko wenzake, na linapoiva hutoa hewa inayowaivisha na jirani zake. Moja likipondeka chini ya gunia, siku tatu baadaye gunia zima ni uji.

Pili ni vita vya nzi wa matunda. Zamani tulikuwa na nzi wetu wa asili, lakini mwaka 2003 aligunduliwa Afrika Mashariki nzi mgeni kutoka Asia, ambaye sasa ametapakaa karibu bara zima. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, funza huingia ardhini na kutoka akiwa nzi mpya. Kwa hiyo kila embe bovu unaloliacha chini ya mti ni kiwanda cha nzi. Mitego yenye dawa ya kuvutia madume husaidia, na huko pwani wataalamu wamechunguza hata sisimizi wale wekundu wanaoitwa majimoto, ambao huwafukuza nzi hao. Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote haina utaalamu wowote: ni kuokota kila siku maembe yaliyoanguka na kuyafukia katika shimo lenye kina cha kutosha, nusu meta au zaidi. Ni kazi ya kuinama. Aliyetoka kupanda mahindi tangu alfajiri hawezi tena kuinama jioni chini ya miembe 40. Mgeni wa kutoka mjini anaweza.

Tatu ni kulinda. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ina kilometa za mraba 4,471, na tembo hawasomi mipaka yake. Harufu ya embe lililoiva huwafikia. Mchana kuna nyani na tumbili, usiku kuna hofu ya tembo. Mlinzi anakaa na moto, debe na tochi, na akimwona mnyama mkubwa kazi yake ni kupiga kelele kwa mbali na kuwaita askari wa wanyamapori. Si kazi ya ushujaa. Ni kazi ya kukosa usingizi, na familia yenye watu watatu haiwezi kulinda usiku na kulima mchana kwa mwezi mzima.

Nne ni kuchambua na kuuza. Msimu ukikolea Mpanda, maembe hupimwa kwa sado na ndoo, bei ikishuka kila wiki. Embe lile lile, likiwa kubwa na lisilo na doa, mjini Dar es Salaam huuzwa moja moja. Kati ya bei hizo mbili ndipo wanapoishi madalali, na si wote ni watu wabaya. Wengine hubeba hatari ya kweli. Lakini mtu anayeishi mjini ana simu ya kumpigia rafiki aliye karibu na soko, akajua bei ya leo kabla mnunuzi hajateremka garini. Anajua pia kutenganisha maembe katika mafungu: mazuri ya kusafiri, ya wastani ya kuuzwa mjini Mpanda, yaliyopasuka lakini mazima ya kukatwa vipande na kukaushwa juani juu ya chekecheke safi. Kukausha kunataka zaidi ya kilo kumi za maembe kupata kilo moja, lakini kilo hiyo haiozi.

Hapa ndipo rafiki zangu wenye akili za hesabu huniuliza swali la pili, na ni swali zuri. Husema: nauli ya kwenda na kurudi Mpanda, pamoja na siku zako, si ungetuma fedha hiyo kwa simu wakaajiriwa vibarua?

Mara nyingine ni kweli. Kama una siku nne tu za kukaa, mbili zikiishia njiani, tuma fedha. Lakini wakati ule wa Novemba vibarua hawapatikani kwa urahisi, maana kila mwenye nguvu yuko katika shamba lake mwenyewe akipanda mahindi. Fedha inafika, mikono haifiki. Na anayepatikana, ukimlipa kwa gunia, atatikisa mti. Fedha ya kutuma ina faida yake kubwa mwezi wa saba, wakati mnunuzi wa maua anapobisha hodi. Ikifika karo ya mjukuu siku hiyo, mzee anaweza kumwambia mnunuzi arudi matunda yakikomaa. Kwa hiyo watoto wa mjini tuna mambo mawili ya kutoa, kila moja kwa wakati wake: fedha maua yanapotoka, na mikono maembe yanapokomaa.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba wazo la kumtoa mtu mjini ili ashike jembe si geni nchini. Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Muda si mrefu baadaye ikaja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, hata wafanyakazi wa maofisini wakawa na mashamba. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya nguvukazi, na watu walioonekana hawana kazi mijini walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi wao walirudi mjini kwa njia ya uchochoroni. Mwaka 2009 tukaambiwa Kilimo Kwanza. Katika yote hayo, aliyepelekwa shambani alipelekwa na mtu mwingine, mahali ambapo aghalabu hakupajua, kwa muda usio na mwisho wa kueleweka. Safari ninayoisema mimi inatofautiana na hizo kwa mambo matatu: unakwenda kwenu, unakwenda kwa hiari, na unajua tarehe ya kurudi. Hakuna anayekuomba uwe mkulima. Unaombwa wiki nne.

Na wiki hizo sheria imekupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zilizomo zikihesabiwa humo humo. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mwajiri nafasi ya kupanga lini uende. Kwa hiyo usisubiri Oktoba. Omba mapema, Januari au Februari, kabla wenzako hawajaandikisha majina yao kwa ajili ya Desemba. Mkiwa ndugu watatu mjini, gawaneni: mmoja aende mwishoni mwa Oktoba, wa pili Novemba, wa tatu aingie Desemba. Sisi tunafanya hivyo, na yule wa Desemba ndiye anayepata kuku wa Krismasi, lakini tumekwisha kukubaliana kwamba zamu zitazunguka.

Liko pia suala la adabu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake juu ya Ujamaa mwaka 1962. Kwa mtoto wa nyumbani naona hata siku mbili ni nyingi. Ila jembe ukipewa, lishike kama ulivyoelekezwa. Wako wanaofika na simu kubwa na maneno mengi, kesho yake wanataka miti ikatwe, ipandwe miche ya kisasa, mama aache kuuza kwa sado. Mama huyo amekuwa akiokota maembe hayo kwa miezi 11 ambayo wewe hukuwepo. Dada aliyebaki nyumbani ndiye anayejua mwembe upi huwahi na upi huchelewa. Uliza kwanza. Na fedha ya mauzo ikipatikana, ihesabiwe mbele ya wote, fungu la wale waliobaki likitoka kabla ya nauli yako. Nimeona familia zilizosaidiana vizuri kuchuma zikagombana siku ya kugawana, na mwaka uliofuata hakuna aliyekuja.

Nisije nikaonekana nawauzia ndoto. Mwezi mmoja wa likizo hautibu kila kitu. Mwembe hupokezana: mwaka huu ukizaa sana, mwakani huenda ukapumzika, na mwaka huo wa mapumziko nauli yako haitarudi. Miti ya kokwa itabaki mirefu na maembe yake yatabaki na nyuzi, mpaka hapo familia itakapopanda miche ya kubebeshwa, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na hiyo ni kazi ya kupanga kwa utulivu, si ya wiki za pilikapilika. Mvua ikiwahi na kukazana, ugonjwa wa chule utaweka madoa juu ya matunda hata mkiwa wachumaji mia. Kiwanda cha juisi hakitajengwa kwa sababu mimi nimechukua likizo.

Linalotibiwa ni jambo moja, nalo ni kubwa: ile hali ya mzee kulazimika kuuza mwezi wa saba kitu ambacho thamani yake itaonekana mwezi wa 11. Akijua kwamba mikono itakuja, anaweza kusubiri. Asipojua, atauza maua, na baada ya maua atauza mti.

Msimu huu, maua yalipotoka, mnunuzi alipita kwetu kama kawaida. Baba alimkaribisha, akampa kiti na maji ya kunywa, akamwambia apite tena maembe yakikomaa, maana mwaka huu watoto wamekwisha kutaja tarehe zao. Sisi watoto sasa hatuna budi kuzitimiza. Nawe, ndugu msikilizaji, kama kwenu kuna miti inayozaa na wazee wanaohesabu siku, ipigie simu nyumbani wiki hii. Usiwaulize wanataka uwaletee nini. Waulize matunda yanakomaa mwezi gani, kisha nenda kwa mwajiri wako ukaombe likizo ya mwezi huo.